LUBUMBASHI–KINSHASA: SAA MBILI ANGANI, SIKU NZIMA MWILINI

Mfanyakazi, siku moja utashika tike ya ndege mkononi. Pengine ni mapumziko yako ya mwaka, pengine ni kilio cha ndugu kule Kinshasa, pengine muganga amekutuma kwa sababu ya mashini ya hospitali isiyopatikana hapa kwetu. Tazama tike ile vizuri. Tuseme imeandikwa: kutoka Lubumbashi 10h00, kufika Kinshasa 11h20. Utafurahi na kusema: «Ah, ni saa moja na dakika ishirini tu!» Na kwa siku ya kurudi utasoma: kutoka Kinshasa 15h00, kufika Lubumbashi 18h20. Hapo utauliza: «Mbona sasa ni saa tatu na dakika ishirini? Ndege itachoka njiani?»

Ndege haichoki. Kwenda ni saa 2 na dakika 20, kurudi vilevile ni saa 2 na dakika 20. Kinachobadilika ni saa ya ukutani. Lakini mwili wako hausomi saa ya ukutani, na ndiyo sababu ukurasa huu wa afya na usalama unataka kuzungumza nawe juu ya safari hii. Kuna watu wanaojua bei ya tike mpaka franga ya mwisho, lakini hawajui ni masaa mangapi watakaa bila kula, bila kumeza dawa na bila kulala. Kisha kesho yake wanapanda juu ya kamyo kubwa ya kariere.

(Katika maneno haya tunaandika saa kama zinavyoandikwa kwenye tike, tukihesabu toka usiku katikati. 10h00 ni saa nne ya asubuhi, 18h20 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini ya jioni. Na saa zenyewe tunazitoa kwa mfano tu. Zako utazisoma kwenye tike yako.)

Njia yenyewe

Ukinyoosha kamba juu ya ramani toka uwanja wa ndege wa Luano mpaka uwanja wa N'djili, utapata karibu kilometa 1,550. Hiyo ni njia ya ndege, yule mwenye manyoya na huyu wa chuma pia. Sisi wa chini hatuna kamba hiyo. Kwa barabara, kupitia Likasi, Kolwezi, Kamina, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa na Kikwit, ni zaidi ya kilometa 2,000. Na mtu anayeijua barabara ile wakati wa mvua hahesabu kilometa, anahesabu siku, hata majuma. Kwa gari la moshi, reli iliyofika Ilebo mwaka 1928, wakati mji ule uliitwa Port-Francqui, inakula zaidi ya kilometa 1,500 mpaka kwenye mto tu. Pale unashuka, unapanda mashua ya mto Kasai, na bado una karibu kilometa 800 za maji mbele yako. Wazee wetu wengi walisafiri namna hiyo, pamoja na sufuria, kuku na watoto.

Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry alitoka Brussels kwa ndege kuja Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville wakati ule. Alitumia siku 51. Baadaye zikaja ndege za mapanga kama DC-3, zenye kwenda karibu kilometa 270 kwa saa. Chukua kalamu: kilometa 1,550 gawanya kwa 270, utapata karibu saa 6, bila kuhesabu kusimama njiani kutia mafuta. Ndege za leo zenye moto wa nyuma, zile wanazoita «jeti», zinakwenda karibu kilometa 800 kwa saa. Gawanya tena: ni saa 1 na dakika 56.

Kwa nini basi tike inahesabu zaidi ya saa mbili? Kwa sababu ndege haianzi na kilometa 800. Inatembea kwanza chini mpaka mwanzo wa njia yake ya kurukia, inapanda polepole mpaka karibu meta 10,000, na mbele ya kufika inapunguza mwendo na kushuka kwa muda wa nusu saa hivi. Tena haifuati ile kamba yetu sawasawa. Inafuata njia za angani zilizowekwa, na wakati wa mvua rubani huzunguka mawingu makubwa ya radi asipite ndani yake. Ukisikia ndege inapinda na jua linahama toka dirisha moja kwenda lingine, usiogope. Afadhali kuchelewa dakika kumi kuliko kupita katikati ya radi.

Saa ya jua

Sasa tuje kwenye saa ile inayopotea na kupatikana tena. Nchi yetu ni pana, na ina saa mbili. Kinshasa na sehemu za magharibi ziko saa moja nyuma. Katanga, Kasai, Kivu na Kisangani ziko saa moja mbele. Hiyo si amri ya bure. Dunia inazunguka, na kila saa moja inageuka digri 15. Toka Lubumbashi mpaka Kinshasa kuna karibu digri 12 kuelekea magharibi. Kwa hiyo jua linafika juu ya kichwa cha mtu wa Lubumbashi kama dakika 48 mbele ya kufika juu ya kichwa cha mtu wa Kinshasa. Hatuwezi kuweka saa za dakika 48, basi tumeweka saa moja kamili.

Angalia jambo moja ambalo wengi hawalifikiri. Si urefu wa safari unaobadili saa, ni upande unaoelekea. Mtu anayeruka toka Kinshasa mpaka Brussels anakwenda zaidi ya kilometa 6,000, karibu saa 8 angani, lakini anaelekea kaskazini. Katika miezi ya baridi ya Ulaya anafika na saa yake ya mkono ni sawa kabisa na saa ya pale. Wewe unakwenda robo tu ya njia ile, lakini kwa sababu unaelekea magharibi, lazima urudishe mshale nyuma.

Telefone nyingi za leo zinajibadilisha zenyewe. Saa ya mkono haijibadilishi. Ukifika Kinshasa ukasahau kuirudisha, utafika kila pahali saa moja mbele ya wakati, utakaa na kungoja. Hasara ni ndogo. Ukirudi Lubumbashi ukasahau kuisogeza mbele, utafika saa moja nyuma: kwa muganga wamekwisha kuita jina lako, na kazini wenzako wamekwisha kuteremka. Hasara ya kurudi ndiyo kubwa, basi fanya hivi: gurudumu likigusa udongo wa Luano, shika saa yako mbele ya kushika valizi.

Kuhesabu safari nzima

Tumwangalie mtu wa Likasi. Ndege yake inatoka Luano 10h00. Anatakiwa kuwa pale 8h00. Toka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 120, tena kuna kamyo za madini njiani. Anatoka nyumbani 5h00, maana yake ameamka 4h00. Anaruka 10h00, anashuka N'djili 12h20 kwa saa yetu, yaani 11h20 kwa saa ya pale. Saa moja kungoja mizigo. Toka N'djili mpaka katikati ya mji ni zaidi ya kilometa 20, na anayeijua njia ile na motokari zake zinazosongana hatashangaa tukihesabu saa mbili. Anabisha mlango wa ndugu yake 14h20 ya Kinshasa. Ndugu atasema: «Umefika mapema, bado ni mchana!» Lakini kwa mwili wa mgeni ni 15h20, na amekuwa njiani saa 10 na dakika 20. Katika hizo, angani alikaa saa 2 na dakika 20 tu.

Hesabu hiyo ya saa 10 ndiyo utakayotumia kwa chakula, maji na dawa, si ile saa moja na dakika ishirini ya tike. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia insulini asiseme «nitakula nikifika». Abebe chakula chake ndani ya mfuko wa mkono, pamoja na kitu kitamu kama sukari au bomboni, kwa saa ile ndege itakapochelewa na mtu hapati kitu cha kununua. Insulini ikae ndani ya mfuko huo, karibu naye, isiwekwe katika mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege, kwani kule baridi inaweza kuiharibu, na mizigo inaweza kubaki nyuma. Hivyo hivyo na dawa za tansio, za kifua kikuu, na kila dawa isiyotakiwa kukatika.

Na saa ya kumeza? Usisumbuke. Ukimeza kila saa 12, na mara ya mwisho ulimeza 6h00 hapa Lubumbashi, saa yako nyingine ni 18h00 ya hapa, maana yake 17h00 ya Kinshasa. Kwa dawa nyingi tofauti ya saa moja haina madhara, na baada ya siku moja au mbili unaweza kufuata saa ya pale. Kosa baya ni la mtu anayesema saa zimechanganyika, kisha anaacha kumeza siku nzima.

Masikio, na hewa ya ndani

Nje ya dirisha, kwenye meta 10,000, baridi inafika karibu digri 50 chini ya sufuri, na hewa ni nyepesi sana hata mtu hawezi kuivuta akaishi. Kwa hiyo ndege inajaza hewa ndani yake. Lakini haijazi mpaka iwe sawa na ya chini. Inaachwa iwe kama hewa ya mlima wa meta 2,400 hivi, wala haitakiwi kupita hapo. Ni kusema umekaa kitini, lakini mapafu yako yako juu ya mlima.

Sasa fikiri: uwanja wa Luano uko kwenye meta 1,300 hivi juu ya bahari. Uwanja wa N'djili uko kwenye meta 300 tu. Basi ukishuka Lubumbashi, masikio yako yanateremka toka «mlima» wa meta 2,400 mpaka 1,300. Ukishuka Kinshasa yanateremka mpaka 300, na kadiri unavyokaribia chini, hewa inazidi kuwa nzito. Ukihesabu uzito huo, mzigo wa masikio wakati wa kushuka Kinshasa ni kama mara mbili ya ule wa kushuka Lubumbashi. Ndiyo sababu kuna watu wanaosema masikio yaliwauma katika kwenda, lakini katika kurudi hawakusikia kitu, wakadhani ni rubani wa kwanza asiyejua kazi. Rubani hana kosa. Ni Kinshasa iliyo chini.

Wenye kufanya kazi ndani ya shimo wanayajua mambo haya kuliko wengine. Kule Kipushi, shimo ambalo kazi yake ilisimama mwaka 1993 na ambalo lilianza tena kutoa madini mwaka 2024, watu wanateremka zaidi ya meta 1,000. Mtu wa kaji, ile asanseri ya shimo, amezoea kumeza mate masikio yanapoziba. Kwa ndege ni dawa ileile. Kushuka kwa ndege toka juu mpaka N'djili kunapita hata kushuka kwa kaji kwa uzito wa hewa unaoongezeka, ila ndege inachukua nusu saa, na kaji dakika chache.

Kwa hiyo, mara unaposikia mashini zinapunguza sauti na ndege inainamisha pua, anza: meza mate, nyonya bomboni, fungua kinywa kama mwenye kupiga miayo. Kama sikio linabaki limeziba, funga pua kwa vidole, funga kinywa, pulizia polepole. Polepole tu! Mwenye kupuliza kwa nguvu anaweza kujiumiza. Mwenye usingizi mzito aamshwe mbele ya kushuka, kwani mtu aliyelala hamezi mate mara nyingi. Mama mwenye mtoto mchanga ampe titi wakati ule ule. Mtoto akilia ndege ikishuka, abiria wengi wanakasirika. Lakini kulia kule kunamfungulia masikio.

Mwenye mafua makali, pua imeziba kabisa, aende kwanza kwa muganga. Sikio linaweza kupasuka ngozi yake ya ndani.

Nani aulize muganga mbele ya kununua tike

Hapa tunaomba usome taratibu, hasa kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba yako.

Hewa ya mlima ina oksijeni kidogo. Mtu mzima mwenye damu ya kutosha hasikii kitu. Lakini mtoto au mkubwa mwenye drepanositozi, yule tunayesema ni «SS», damu yake inaweza kuharibika zaidi oksijeni ikipungua na maji yakipungua mwilini, akaanza maumivu makali angani, pahali pasipo na hospitali. Si kusema SS hasafiri. Wengi wanasafiri vizuri. Lakini kama alikuwa na maumivu siku hizi zilizopita, au amepungukiwa damu sana, asipande mpaka muganga amempima na kukubali. Siku ya safari anywe maji mara kwa mara, na avae nguo za moto, kwani ndani ya ndege kuna baridi, na baridi ni adui wake. Vilevile mwenye moyo mgonjwa au kifua kinachokosa pumzi akipanda ngazi: aulize kwanza.

Hewa iliyofungwa ndani ya mwili nayo inapanuka. Chukua lita moja ya hewa Lubumbashi, ipandishe mpaka ndani ya ndege: itakuwa lita moja na zaidi ya sehemu ya kumi. Ichukue Kinshasa, kule chini, ipandishe mpaka palepale: itapita lita moja na robo. Katika tumbo zima ni gesi tu, utafungua mshipi kidogo. Lakini kwa mtu aliyepasuliwa tumbo juzi, gesi hiyo inavuta mshono. Kwa operasyo kubwa waganga huwa wanataka zipite karibu siku 10. Kwa mtu aliyebanwa kifua kazini, akavunjika mbavu na hewa ikatoka nje ya pafu lake, ni hatari ya kufa: asipande ndege mpaka picha ya radio imeonyesha pafu limepona. Hakuna haraka ya familia inayoweza kupita neno hilo.

Na mwenye plasta mguuni au mkononi? Hewa kidogo inabaki ndani ya plasta, na nyama chini yake inavimba. Waganga wa safari za ndege wanasema hivi: kwa safari isiyofika saa 2, ngoja siku 1 baada ya kufungwa plasta, ikipita saa 2, ngoja siku 2. Safari yetu inapita saa 2. Basi siku mbili kamili. Kama haiwezekani kungoja, muganga apasue plasta kwa urefu ili mguu upate nafasi.

Bibi mwenye mimba anaweza kusafiri, lakini baada ya juma la 28 atatakiwa kuwa na karatasi ya muganga, na baada ya juma la 36 asipande (mwenye mapacha, baada ya juma la 32). Na damu kuganda miguuni, jambo linalozungumzwa sana siku hizi? Hatari hiyo inaongezeka hasa katika safari zinazopita saa 4. Kwa Kinshasa, inuka mara moja, nyoosha miguu, inatosha.

Kurudi kazini

Hapa ndipo ukurasa wetu unagusa kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya.

Mtu wetu wa Likasi amemaliza majuma mawili Kinshasa. Zamu yake ya asubuhi inaanza kesho 6h00. Amechagua ndege ya siku ya mwisho kabisa, asipoteze hata siku moja ya mapumziko. Alifikiri: «Nitashuka jioni, nitalala, nitakwenda kazini.» Tuhesabu. Ameamka 7h00 ya Kinshasa, yaani 8h00 ya kwetu. Ametoka nyumbani 11h00 ya kule. Ndege inaondoka 15h00, inashuka Luano 18h20 kwa saa yetu. Mizigo, 19h20. Barabara ya Likasi usiku, 21h20 yuko mlangoni. Watoto hawajamwona majuma mawili, majirani wanataka habari, kitandani 22h30. Aamke 4h30. Ni saa 6 za usingizi, na hapo kila kitu kilikwenda vizuri.

Sasa ndege ichelewe saa tatu, jambo ambalo halishangazi mtu yeyote aliyewahi kusafiri. Anafika nyumbani 0h20, analala 1h30, anaamka 4h30. Ni saa 3 tu. Tena mwili wake uliozoea Kinshasa majuma mawili unasema si 4h30, ni 3h30, saa ya usingizi mzito kuliko zote. Na saa ile ile ya ukutani inayomwambia «kumekucha» inampeleka kwenye usukani wa kamyo ya tani nyingi, juu ya njia ya kariere, pamoja na watu wanaotembea chini.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi ya mikono na macho kama mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu. Akifika saa 24, kama mwenye gramu moja nzima. Mtu wetu, akifika nyumbani 0h20, yuko macho saa 16 na dakika 20. Kama ni yeye mwenyewe aliyeendesha motokari toka Luano mpaka Likasi, ameendesha karibu kama mlevi, bila kuonja pombe. Na mlevi kapteni wa zamu atamnusa. Mwenye usingizi hanuki kitu.

Basi sikiliza shauri letu. Unaporudi toka Kinshasa, panga kulala usiku mmoja kamili kitandani kwako mbele ya siku ya kazi. Si usiku uleule wa kushuka. Ni usiku unaofuata. Ni siku moja ya mapumziko unayoitoa, tunajua inauma. Kama haikuwezekana, ndege imechelewa, mwambie mkubwa wa zamu mbele ya kupanda kwenye mashini, si baada ya kugonga. Anaweza kukuweka kwa saa zile katika kazi isiyokuwa na usukani, na mkubwa mwenye akili atakushukuru kwa kusema. Kwa njia ya usiku toka uwanja wa ndege, panda bisi au mwombe ndugu aliyelala mchana awe shofere. Nawe wakubwa wa zamu, mnaosoma ukurasa huu pia: mtu anaporudi toka mapumzikoni, muulize ameshuka saa ngapi. Swali hilo linachukua nusu dakika.

Homa baada ya safari

Bado neno moja. Wiki moja au mbili baada ya kurudi, unaweza kusikia baridi, kichwa kinauma, viungo vinavunjika. Wenzako watasema: «Ni uchovu wa safari.» Uchovu wa saa mbili za ndege na saa moja ya ukutani unakwisha ndani ya siku mbili tatu, wala hauleti homa. Mbu wa Kinshasa, pale kwenye joto na maji, wanauma usiku, na malaria yao haijitokezi upesi: huchukua siku 7 au zaidi, mara nyingi wiki mbili, pengine hata zaidi ya mwezi. Hapa kwetu pia tuna malaria, lakini katika miezi ya baridi, Juni na Julai, mtu wa Lubumbashi huwa anasahau mbu, na muganga naye anaweza kufikiri kwanza mafua.

Usimeze dawa zilizobaki kabatini. Nenda hospitali siku ileile homa inapoanza, wapime damu. Mwambie muganga tarehe uliyoshuka Luano, majuma uliyokaa kule, na kama ulilala ndani ya chandarua ama hapana. Hayo yatamsaidia kuliko kusema tu «mwili unaniuma».